Silabi ya Sita

Jumanne, saa nne asubuhi, Dundee.
Morven analaza kadi mezani, moja moja,
kana kwamba meza ina usingizi:
a
po
lo
je
ti
ka
li.
"Nguvu iwe kwenye je," anasema. "Kanyaga hapo,
kwingine pita tu."

Baba anatazama. Miaka thelathini na minane
alipanga herufi za risasi kwa gazeti la jioni,
akizisoma kichwa chini miguu juu.
Neno likikataa kuenea mwisho wa mstari
alijua pa kulikata bila kumwaga damu.
Alinifundisha kwa kisu cha siagi, juu ya mkate:
kata pumzi inapoishia,
na usiache herufi moja peke yake ukingoni,
itashikwa na baridi.

Tangu kiharusi kimpige, mwezi Machi,
hafiki mbali na herufi moja.
"A," anasema. "A."
Mate yanamchuruzika upande wa kulia. Nafuta.
"A."

Morven hana haraka.
Dirishani theluji imeshindwa kuamua kama ni mvua.

Kisha anaanza, kama mtu ashukaye ngazi gizani:
a, po, lo, JE,
kikombe kinatikisika,
ti, ka, li.

Morven anapiga kofi moja, furaha imemponyoka.
"Ila hiyo ka, Bwana Geddes, huandikwa tu.
Mdomoni tunaimeza. Zinabaki sita."
Baba anatikisa kichwa. Mkono wake mzima
unagota kadi ya sita, unagota tena.
Silabi hiyo aliipanga kwa vidole, usiku kucha.
Ilikuwa na uzito.
Hakuna aliyemlipa ili aimeze.

Ndipo anageuka, ananitazama mimi,
analirudia lote, mizani saba kamili.

Maana yake: kwa namna ya kuomba radhi.
Nani, kwa nani, kwa lipi, hakusema.
Labda ni zoezi tu.
Labda ni ile Jumamosi ya Arbroath,
kanisa limejaa, mimi na shela yangu mlangoni,
na yeye yuko kiwandani na toleo la jioni.
Kielezi kimesimama peke yake ukingoni,
hakina kitenzi.

Saa tano nilimvalisha koti.
Kifungo cha juu kilinisumbua, uzi umelegea,
nikakifunga hivyo hivyo.
Morven alikuwa anaziokota kadi.
Nikamwomba ile ya sita.