Beringi ya Feni ya Mama

Nilinunua injini ndani ya boksi, Sanaiya ya Ibra,
injini ndogo, haizidi papai,
unaifunga katikati ya baiskeli kama mtoto aliyepakatwa.
Biju akasema, "Baba, hii safi."
Na mimi, mtu mzima, mvi hadi kidevuni,
nikaliamini neno *safi* kwa sababu lilikuja na chai ya maziwa.

Kizuri chajiuza, walisema waliotutangulia,
kibaya chajitembeza.
Hawakukiona kibaya kilichovishwa plastiki,
chenye nembo ya dhahabu na neno la Kiingereza
lililopungua herufi moja.

Siku ya nne nyuzi za nati zikasagika.
Siku ya tisa gasketi ikaanza kupumua pembeni,
pss, pss, kama mtu anayesengenya msibani.
Nikakata nyingine kwa mkasi, kutoka kopo la soda.
Hiyo bado ipo. Kopo la baisa mia
limeishinda spea ya riali mbili.

Thuwaiba aliandika yote.
Binti yangu ana miaka kumi na nne na daftari la hesabu
alilolipindua, akaanzia nyuma:
*Plagi. Riali moja. Siku sita.
Waya wa klachi. Baisa mia nane. Ulikatikia kwenye falaji, baba akasukuma.
Beringi. Riali mbili unusu. Siku kumi na moja.*
Matusi hakuyaandika. Niliyatamka mimi,
yeye akaacha nafasi.

Hiyo siku ya kumi na moja, saa saba mchana,
kati ya mitende na barabara ya Sur,
injini ilitoa sauti ya karanga zinazotafunwa,
kisha haikutoa sauti.
Nyuma nimefunga mzigo wa majani ya mbuzi.
Lami inanata kwenye kandambili.
Nikasukuma kilomita tatu, na kila gari lililopita
lilipunguza mwendo, likatazama, likaenda zake.

Nyumbani tukaipasua beringi juu ya gazeti.
Gololi saba. Mbili zina ubapa,
moja imebonyea kama tende mbichi iliyokanyagwa.
Kwenye pete, namba: sita, mbili, sifuri, mbili.
Namba ilikuwa ya kweli. Chuma ndicho kilichosema uongo.

Thuwaiba akairudia namba, polepole,
akainua macho darini.

Chumbani kwa mama yangu hakuna aliyelala tangu Shaabani.
Feni yake imezunguka miaka thelathini na miwili,
mchana wa homa, usiku wa tasbihi,
ikazunguka hata asubuhi ile tulipomfunika,
hakuna aliyekumbuka kuizima.
Haikuwahi kutiwa grisi. Haikuwahi kudai.

Tuliishusha kwa ngazi ya jirani.
Nilidhani zitanisumbua skurubu;
zilifunguka bila ubishi,
kama zilizokuwa zikingoja kuulizwa.
Ndani: sita, mbili, sifuri, mbili,
nyeusi kwa vumbi na moshi wa udi,
na nilipoizungusha kwa kidole
haikusema neno.

"Bibi angekasirika?"
Mama yangu, aliyechemsha majani ya chai yale yale mara tatu,
aliyetia viraka magunia ya mchele...
Nikamwambia, angeuliza kwanza tumeokoa riali ngapi.

Leo siku ya hamsini na tatu, daftari linasema.
Mahali pa bei
Thuwaiba ameandika: *urithi*.

Zile gololi saba nilimpelekea Biju ndani ya kikombe.
Akazitazama, akavuta droo chini ya kaunta:
imejaa, za watu wengine, zimelala kama meno.
"Na mimi nauziwa, baba."
Nikanywa chai yake.
Nikanunua beringi nyingine, nikijua, kwa ajili ya feni.

Sasa inazunguka darini, chumba kitupu,
na inapiga kelele
ambazo mama asingezivumilia dakika mbili.
Tunaiacha.