Saa Kumi na Moja

Simu ililia saa kumi na moja jioni, Auckland.
Eduvina yumo kwenye foleni ya ukaguzi,
kiatu kimoja mkononi.
"Baba katutoka," dada akasema, akakata.

Kisha saa kumi na moja nyingine, za angani:
kilomita elfu tisa na mia sita na ushei,
chini maji tu,
na jirani wa dirishani akikoroma mdomo wazi.

Santiago, saa saba mchana.
Tarehe ile ile.

Saa ya ukutani yaapa simu haijalia bado,
mzee yu hai hadi jioni.

Eduvina kasimama chini yake.
Mabegi yanazunguka, yanapungua,
limebaki lake,
linazunguka.

Haligusi.
Zimemsalia saa nne.