Mwenye Kidonda Haingii

Jaruba letu ni la tano ukishuka kutoka kwenye mizani.
Bibi alilichimba, mama akalirithi,
nami tangu darasa la sita najua kuyasoma maji yake:
yakiwa rangi ya kutu, subiri;
yakiota ukoko mweupe pembeni, shika reki.

Katwe tuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote:
mwenye kidonda haingii.
Hata mkwaruzo wa ukucha, chumvi itaupata,
itakuuliza jina lako na la baba yako.
Ndiyo maana wanaume wanaokata mawe kule katikati
huvaa mipira kabla ya kuzama hadi kiunoni.
Huichukua kituo cha afya mchana kweupe, bila haya,
kwa ajili ya chumvi.
Kwa ajili ya chumvi tu, wengi wao.

Mwezi wa saba nilikaa ukingoni siku nne.
Tumbo, nilimwambia mama.
Siku ya tano akaweka reki chini:
"Tumbo gani linalotembea hivyo, Ithungu?"

Nilikuwa na homa, na mitoki imevimba.
Kwenda haja ndogo niliuma pindo la leso.
Nilikuwa na miaka kumi na saba,
na jina la mtu mmoja, mmoja tu,
nikalishika kama risiti:
mmoja si wengi, mmoja si wengi,
kana kwamba virusi huketi wakahesabu.

Nesi Kyakimwa hakufoka.
Nilikuwa nimejiandalia kufokewa,
kwa hiyo sikujua pa kuweka mikono.
Alichora uti wa mgongo nyuma ya fomu ya malaria,
akaweka nukta chini kabisa.
"Hapesi. Wanaishi hapa, kwenye mishipa ya fahamu.
Si laana ya ziwa. Si mkono wa jirani.
Si ukimwi; huo tutaupima leo, tuujue kivyake."

"Watatoka lini?"

"Hawatoki."

Akaliacha neno likae. Nje pikipiki iligoma kuwaka,
ikagoma tena.

"Ni mpangaji asiyehama. Analala miezi.
Ukichoka, ukiugua, ukikesha na mitihani, anafungua mlango.
Ukisikia kuwashwa, kabla ya lengelenge, meza dawa hizi.
Nawa mikono. Vaa nguo ya pamba isiyobana.
Na hata akiwa kimya anaweza kumpitia mwingine,
kwa hiyo huyo mwingine ana haki ya kujua.
Utazaa ukitaka. Siku hiyo mwambie mkunga mapema."
Kisha, akikusanya karatasi:
"Kalia maji ya vuguvugu, na chumvi kidogo."

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakapata sababu.
Binti wa Katwe, naandikiwa chumvi.

Mama hakusema kitu siku tatu.
Alipika, alifagia, alimgombeza kuku.
Usiku wa tatu akaleta beseni nyuma ya pazia,
akafungua mfuko wa daraja la kwanza,
ule unaopanda lori kwenda Kasese,
si ile ya kijivu ya kulambishwa ng'ombe.
Akapima kijiko. Akakifuta ukingo kwa kidole.
"Yamekuunguza?"
"Hapana."
"Basi," akasema, akaenda kulala.

Sasa ni mwaka wa tatu.
Amerudi mara tano; safari ya mwisho siku mbili tu.
Namjua kwa mchonyoto wa paja la kushoto,
namkuta na dawa mlangoni.
Siku hizo sishuki jarubani. Nashona magunia,
na akiniuliza mtu, nasema: leo nina kidonda.
Hapa hilo ni jibu kamili.

Kwa Thembo halitatosha.
Amesema atakuja Jumapili, amenunua na shati.
Sentensi yangu nimeifanyia mazoezi juu ya maji,
ina maneno tisa, la nne hunikwama.
Jana nililitamka kwa sauti.
Korongo mmoja aliinua kichwa,
akanitazama, akaendelea kula.