Ratiba ya Guzik

Miaka thelathini na moja niliendesha tramu hapa Łódź,
namba kumi na mbili, toka bohari hadi kiwanda cha nyuzi
kilichogeuzwa maduka,
na sikuchelewa ila mara mbili:
mara moja theluji, mara moja bibi harusi
aliyedondosha kiatu relini.

Basi alipoletwa Guzik, mbwa wa wiki kumi na mbili,
mweusi tii, na doa jeupe kifuani kama kifungo cha koti,
nilifanya nilijualo:
nikashika rula, nikachora ratiba,
nikaibandika kwenye jokofu.
Saa moja, kujisaidia uani.
Saa moja na robo, chakula.
Saa mbili, mazoezi.
Saa tatu, mchezo: mpira, kamba, soksi kuukuu.
Kulala nilikuandika pembeni, kwa penseli,
kama kituo ambacho tramu husimama
abiria akipunga mkono tu.

Jumapili ya kwanza nikampeleka bustanini.
Alikimbia. Loo, alivyokimbia!
Masikio yakimpigia makofi,
alifukuza jani, kisha kivuli cha jani, kisha kunguru
ambaye hakuona haja ya kuruka.
Nikasema, huyu ana nguvu, tuongeze mzunguko.
Tukaongeza. Tukaongeza na mwingine.
Saa nzima na ushei, mimi na fahari yangu.

Jioni akageuka mamba.
Aling'ata zulia, aling'ata pindo la sketi,
aling'ata kifundo changu hadi kikatoa damu,
akizunguka meza kama aliyelishwa pilipili.
Nikadhani hajatosheka.
Nikamtupia mpira!
Kulipokucha, mguu wa nyuma ulikuwa haukanyagi.

Daktari Halszka, mikono baridi, maneno haba,
akamminya nyonga, akamminya goti.
"Mifupa hii bado nta," akasema.
"Dakika tano za kutembea kwa kila mwezi wa umri.
Ana miezi mitatu. Hesabu mwenyewe."
Na akianza kung'ata ovyo?
"Huyo kapitwa na usingizi. Mlaze."
Kisha akanitazama nikijizoa kitini,
goti langu likilia kama bawaba.
"Na wewe, Bi Zdzisława, una miezi mingapi?"

Nilipiga hesabu njiani: mia nane na minne.
Mara tano, dakika elfu nne na ishirini.
Goti likacheka.

Mwenda pole hajikwai, husemwa.
Mimi wenda pole nilikuwa nikiwapigia kengele.

Sasa twatoka robo saa, na dakika kumi kati ya hizo
kasimama ananusa nguzo moja ya taa
kama msomaji wa gazeti la bure.
Sikujua kwamba pua nayo hutoka jasho.
Nyumbani naficha kipande cha karoti chini ya kikombe,
kimoja kati ya vitatu,
naye huviangusha vyote, mwizi asiye na subira.
Kamba twavutana; namwachia ashinde,
si kila mara, asije akanidharau.
Ngazini nambeba, orofa tatu, kwa ajili ya viungo vyake;
katikati twapumzika, kwa ajili ya vyangu.

Kisha hulala. Saa kumi na nane kwa siku!
Hulala kazi anayoijua,
tumbo juu, ulimi umesahauliwa nje,
miguu ikikimbia huko ndotoni
ambako hakuna daktari.

Ratiba nimeigeuza. Upande wa nyuma mweupe.
Nimeandika neno moja, kwa wino, na limekaa katikati.

Alasiri hii amelala juu ya mguu wangu wa kulia,
ule wa breki. Umekufa ganzi.
Simu imeita hadi ikachoka.
Chini ya dirisha imepita namba kumi na mbili,
kengele yake ikamwinua sikio moja, basi.
Nadhani imechelewa.
Saa iko jikoni, na jikoni ni mbali.