Sababu ya Safari

Fomu inataka sababu ya safari, mstari mmoja tu.
Niliandika "mapumziko", nikafuta.
Nikaandika "kula", nikaona haya
kama mtoto aliyeulizwa shuleni amefuata nini
akajibu: uji.

Umeme wa Mbale umekatika tangu saa moja.
Wanale umejifunika, mvua inajipanga huko juu,
nasi tumetandaza Italia kwenye meza ya jikoni,
ncha ya buti ikining'inia ukingoni,
kopo la chumvi juu ya Roma isijikunje.

Miaka thelathini na moja nimechambua buni kiwandani.
Nyeusi huku, iliyotobolewa na mdudu kule,
nzima, ya kijivu kibichi, guniani.
Na ubavuni mwa gunia, kwa wino wa buluu: TRIESTE.
Nililisoma neno hilo kabla sijajua ni mji.
Nilidhani ni jina la tajiri,
bwana mnene asiyepata usingizi,
anayeunywa mlima wetu wote peke yake.

Wambede anasema kwa pesa hizi tungeezeka upya.
Kweli. Bati linavuja palepale, juu ya meza.
Lakini usiku namsikia gizani:
"Hiyo divai yao,
wanakaa wangapi kwenye chungu kimoja?"
Hakuna chungu, namwambia. Hakuna mirija.
Kila mtu na glasi yake, na huinusa kwanza.
Kimya kirefu.
"Wanainusa ya nini? Imechacha?"

Tutakwenda mwezi wa kumi, zabibu zikishachumwa.
Bologna siku nne, kwa ajili ya tambi za mayai
zinazokunjwa moja moja kama barua za siri.
Halafu kijiji fulani kilimani; jina lake nalikosea kusudi
ili Nandudu acheke kwenye simu, kule Kampala.
Huko, anasema, jibini huwekwa pangoni
mpaka iote ukungu, ndipo bei ipande.
Kwetu ukungu ni hasara.
Ila nikafikiri malewa: chipukizi la mwanzi
linaning'inizwa motoni, linakauka, linanuka moshi
hadi mgeni asiyelijua aulize nani ameunguza mkeka.
Basi nitawabebea kilo moja, na karanga za kusaga.
Watu wa forodha tutaelewana nao, au hatutaelewana.

Siku ya mwisho ni ya Trieste.
Nandudu hakuiweka kwenye mpango, nimeichomeka mimi.
Nitaketi mkahawani na mkoba wangu mapajani,
niagize kikombe kidogo kama cha dawa,
nilipe ujira wangu wa siku kadhaa, wa enzi zile.
Sitaki kushtaki mtu.
Kuna punje moja tu. Mwaka ule Nandudu alipolazwa
mikono ilikuwa kazini, mimi sikuwepo,
ikapita mbele yangu, mbovu, nikaiona,
nikaiacha iende.
Sijui nani aliinywa.
Ningependa kuonja mwenyewe kama ilionekana.

Ukurasa wa tatu: toa uthibitisho kwamba utarudi.
Hati ya shamba, tumeweka. Taarifa ya benki, tumeweka,
na mhuri wa chama cha akiba, umepinda kidogo.
Hakuna nafasi ya kuandika kwamba mjukuu wetu
anatahiriwa mwaka ujao, na ulezi wa pombe uko ghalani,
wala kwamba Wambede, tangu azaliwe,
hajawahi kulala mahali asipouona Wanale
isipokuwa hospitali, na huko aligombana na dirisha.

Mvua imeshuka.
Tone la kwanza linaangukia bahari, si neno.
La pili linatua kaskazini, penye mashamba ya mizabibu,
na Wambede, mtu wa kuezeka,
anainuka haraka kuliko magoti yake,
anaisogeza ramani kwanza,
sufuria baadaye.