Kichwa cha Kujifunzia

Walisema redioni, nikiwa mtoto wa kuteka maji ya kunyolea,
kwamba timu yetu ya taifa ni kichwa cha mwendawazimu,
kila kinyozi hujifunzia hapo.
Barazani watu walicheka hadi wakashika mbavu.
Mjomba Nandonde hakucheka. Alizima redio,
akafuta wembe kwa kitambaa:
"Aliyesema hivyo hajawahi kumnyoa mwendawazimu."

Sisi tulikuwa tunamnyoa.
Chilumba, aliyelala nyuma ya ghala la korosho,
vumbi la salfa kwenye nyusi,
alikuja kila mwezi ulipoandama, bila kuitwa,
akakaa kitini, akashika magoti.
Kwake ndiko nilikojifunzia, sifichi.
Nilimkata juu ya sikio, nilimkata kisogoni,
nilimwachia njia za panya kama shamba la karanga,
naye alijitazama kiooni, akauliza tu:
"Lini tena?"

Nyuma ya ubao wa dirisha mjomba aliandika kwa mkaa
LAGOS, THEMANINI.
Chini yake: tatu moja. Mbili moja. Moja moja.
Sare ile aliipigia mstari mara mbili,
kama baba aliyeliona jina la mwanawe kwenye orodha ya waliofaulu.
Kisha ubao ukanyamaza miaka thelathini na tisa.
Tulipaka rangi ya bluu, tukapaka kijani,
brashi ikiukwepa mkaa kama jembe linavyokwepa kaburi.

Makocha walikuja, kila mmoja na lugha yake, na mkasi wake mpya.
Goli la dakika za majeruhi lilituingia
tukiwa bado tunasimuliana la kwetu.
Nawajua vijana wale kama ninavyojua utosi wa mteja:
huanza kwa madaha, hupata la kwanza,
halafu hukumbuka kwamba mgeni naye hajala.

Watoto wa hapa Newala huchezea karibu na Shimo la Mungu.
Mpira ukivuka ukingo haurudi.
Hudunda kuelekea Ruvuma, ukawa nukta, ukaisha.
Hukaa kidogo wakitazama chini,
kisha mmoja anavua soksi, wanaanza kusokota mwingine.
Mgeni akiniuliza kuishangilia Tanzania kukoje,
humpeleka pale. Simsemeshi.

Siku tulipoifunga Uganda tatu bila
mjomba alikuwa wodini, mrija puani.
Nilimpa habari kwa simu ya nesi.
Akanyamaza, nikadhani imekatika.
Akasema: "Mkaa upo?"

Nikaandika KAIRO, kwa mwandiko wangu mbovu.
Mbili bila. Tatu mbili. Tatu bila. Zote za kufungwa.
Ile ya Kenya ilinikuta na mashine kichwani mwa mwalimu Hokororo,
saa sita na nusu usiku, duka wazi kwa ajili ya runinga.
Tuliongoza mara mbili. Mara mbili!
La tatu lao lilipoingia, umeme ukakatika mji mzima,
kana kwamba hata nguzo zimeshindwa kuvumilia.
Ulirudi Jumatatu.
Mwalimu alikwenda Misa na nusu kichwa,
na kofia kanisani hairuhusiwi.

Mjomba tulimzika mwaka uliofuata. Chilumba alikuja mazikoni,
nywele ndefu, hakuna aliyekumbuka kumnyoa.
Baadaye tulikwenda tena mashindanoni, na tena;
ubao umejaa, sasa naandika ukutani.

Siku hizi ananinyoa Somoe, mtoto wa dada yangu.
Ana mkono mzito, anajifunza.
Jana redio ilikuwa inamtaja kocha mwingine,
nikageuza shingo nisikie vizuri, akanikata.
Nilijitazama kiooni, tone moja jekundu juu ya sikio.
"Lini tena?" nikauliza.
"Mwezi ujao, mjomba," akasema, akipuliza nywele kwenye mashine.
Alidhani nauliza habari za kichwa.