Gramu Nne za Vipande Vyeupe

Kerttu anavua kofia ya sufu mlangoni
na nywele zake zote zinasimama:
zinaitafuta dari, zinautafuta mkono wangu,
zinalitafuta koti la babu yake pale msumarini.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na hewa ya nyumba imekauka
kama mkate wa Krismasi iliyopita.
“Hilkka, zinaniuma,” anasema.
Hajawahi kuniita bibi.

Miaka ishirini na sita nilikuwa maabara,
kiwanda cha karatasi, kando ya mto.
Kiwanda kikafungwa, mizani nikabaki nayo.
(Sikuiba. Waliitupa, nikaiokota.)
Inasoma hadi sehemu ya kumi ya gramu
na bado haijajifunza uongo.

Mezani, makopo matatu.

La kwanza limetokana na zeituni. Pole, jema:
linashikanisha maji na mafuta, kisha basi,
linanawa mikono na kwenda zake.
Raimo wa ng’ambo, anayepasua kuni bila glavu,
hulipaka viganjani na kunishukuru kwa samaki.
Lakini nywele hulipita
kama mgeni aliyekosea nyumba.

La pili ni la majimaji, kali.
Kerttu ana miaka tisa, anapenda kufikicha macho.
Limerudi kabatini, rafu ya juu.

La tatu ni vipande vyeupe, kama nta iliyokwanguliwa,
vyenye shombo kwa mbali,
ndoo ya samaki iliyooshwa mara mbili.
Hivi ndivyo vyenye chaji chanya.
Unywele uliochakaa una chaji hasi,
hasa nchani, kofia iliposugua, chanuo lilipovuta.
Basi vinang’ang’ania pale pale palipoumia.
Ukisuuza, mengine hufuata maji.
Hivi hubaki.

Najua unangoja niseme habari za ndoa.
Kila anayetaja maji na mafuta huishia huko.
Mimi na Veikko sote wawili tulikuwa mafuta.
Tuendelee.

Novemba nilianza na gramu saba kwa mia:
nywele zikalala kama zimelambwa na ndama.
Nikashuka hadi mbili. Usiku mchanganyiko ukaachana,
asubuhi maji chini, mafuta juu,
kila mmoja na chake.
Halafu ile wiki ya tamaa, nilipotia sabuni ya maji
nikidhani chupa moja itaosha na kulainisha:
ukakatika kama maziwa jikoni kwa mvivu.
Chanya na hasi walikwisha kuoana wao kwa wao,
nywele hazikuachiwa hata makombo.
(Haya, nimeitaja ndoa.)

Leo nne.
Sufuria mbili, nyuzijoto sabini na tano, dakika ishirini
kwa saa ya ukutani inayochelewa.
Kerttu anashika kipimajoto kwa mikono miwili
kama mshumaa kanisani.
Namimina. Nakoroga.
Kwanza hakuna kitu, maji machafu tu yenye macho ya mafuta,
na mtoto ananitazama mimi badala ya bakuli.
Kisha, bila kupiga hodi, weupe.
Mzito, unaoacha njia nyuma ya mwiko.
“Tunaweza kula?”
“Hapana.”
“Hata kidogo?”

Jumamosi, sauna. Anapaka, anahesabu hadi mia,
anaruka thelathini na zote za hapo kati, anasuuza.

Jumapili anarudi kutoka kuteleza thelujini,
mashavu mekundu, kofia imeshuka hadi nyusi.
Anasimama katikati ya jiko. Anaivua polepole.
Tunasubiri.
Nywele mbili, tatu, zinainuka, zinafikiri,
zinalala.

Anajipapasa kichwa. Anakwenda kwenye kioo.
Nangoja asante yangu.
“Lakini Hilkka,” anasema, midomo imeshuka,
“darasani wote walikuwa wanakuja kuziona.”

Nafungua daftari, natafuta kalamu,
nafuta nne.
Tatu na nusu, naandika.
Labda tatu.